Mkono Uliosusa Baada ya Chai

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Isebania, nilipewa kazi ya kufukuza watu. Mizani ya malori ni bamba kubwa la chuma lililolazwa sawa na barabara, na wenye mizigo waliliona kuwa mahali pazuri pa kupumzikia. Mkuu wa Mizani, mtu wa maneno machache, aliniambia, "Kijana, kabla ya kupima gari, angalia mizani yenyewe imebeba nini." Nikaangalia. Ilikuwa imebeba mama mmoja, vikapu vyake vya ndizi na mbuzi.

Chini ya bamba lile mlikuwa na vipande vya chuma vinavyojipinda kidogo mno vikilemewa. Umeme unaopita humo hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kuwa uzito. Chuma kuhisi! Jambo hilo halikunitoka kichwani. Nilikwenda nalo hadi kiwanda cha sukari upande wa Migori, ambako Fundi Mkuu alinifokea kila mara kwa kufungua hata mizani isiyoumwa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kiwanda cha samaki, Homa Bay. Huko kulikuwa na mkono wa roboti, wa aina inayofanya kazi bega kwa bega na watu bila kuzungushiwa uzio. Ulishusha trei za minofu ya mbuta mezani, naye Mama Akinyi na wenzake wawili wakaipanga kwenye maboksi. Tatizo lake lilikuwa ganzi. Mpaka usukumwe kwa nguvu ndipo ujue umegusa kitu, na kitu chenyewe huenda kikawa kidole cha mtu.

Basi akaja Injinia, binti mpole kutoka Nairobi, kuufungia kihisi cha nguvu. Kilikuwa kidude cha duara, kimo cha kopo la mafuta ya kujipaka, kilichokaa kati ya kifundo cha mkono na vidole vyake vya kushikia. Nilipomuuliza ndani mna nini, akanionyesha mchoro: vipande vilevile vya Isebania, vimekuwa vidogo tu. Nilifurahi kama niliyekutana na mtu tuliyesoma naye. Tukaujaribu kwa sponji, kisha kwa mfuko wa mchanga. Ulipogusa tu, ulisimama.

Lakini furaha yetu haikudumu. Asubuhi mkono ulifanya kazi vizuri, ila baada ya chai ya saa nne ulisusa. Ulisimama kila mara kana kwamba umeguswa, na hakuna aliyeukaribia. Meneja wa Uzalishaji akachoka. Akasema ukiendelea hivyo hadi Ijumaa, kihisi kitolewe na mkono uwekewe uzio. Uzio ungemeza nafasi ya meza, na sote tulijua meza hiyo ni ya nani.

Mama Akinyi hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Fundi, mmewekea hii kitu roho, sasa inanifukuza kazi?" Swali hilo liliniuma, maana watoto wake walikula kutokana na meza ile.

Kesho yake sikwenda chai. Niliketi juu ya kreti nikautazama ule mkono. Kengele ilipolia, Mama Akinyi alivua aproni yake ya plastiki iliyolowa, akatazama huku na huku. Mkaguzi wa Usafi alikuwa amekataza aproni mezani na amezikataza sakafuni. Akaitundika kwenye vidole vya roboti. Wenzake nao wakatundika zao.

Nilicheka peke yangu, kisha nikamwita Injinia. Alizitazama zile aproni, akashika mdomo. Alikuwa ameufundisha mkono kwamba kila unapopumzika, uzito wowote ulio vidoleni mwake uhesabiwe kuwa sifuri. Nao ukatii, ukiwa umebeba aproni tatu. Wenyewe walipozichukua, ulijihisi unasukumwa kutoka chini, ukadhani umekalia mkono wa mtu.

"Sasa tungetundika wapi?" Mama Akinyi akauliza aliporudi. "Hapa hakuna msumari hata moja."

"Ni kweli, Mama," Injinia akasema. "Nilifikiria mkono, sikufikiria aproni."

Mchana huo nilipigilia kulabu ukutani. Injinia naye akabadilisha maagizo, mkono usianze tena kwenye sifuri mpaka mtu autazame kwanza na kubonyeza kitufe. Ijumaa Meneja alisimama pale tangu chai hadi chakula cha mchana akingoja ususe. Haukususa. Aliondoka, na habari ya uzio sikuisikia tena.

Sasa nimestaafu, niko Karungu na mihogo yangu. Vijana huniuliza kama mashine zitawafukuza kazini. Sijui. Ninachojua ni kwamba Mama Akinyi yupo bado kwenye meza ile, na ana desturi yake ambayo hakufundishwa na yeyote. Kila asubuhi, mkono ukishuka mara ya kwanza, huupiga kofi dogo na kusema, "Oyawore," kama anavyomwamkia jirani. Ukisimama, ndipo anaanza kazi.

Siku nyingine humpigia simu, nikijifanya nauliza bei ya samaki. Anajua ninachotaka.

"Imeitika, Fundi," huniambia. "Sasa wacha nifanye kazi."