Karibu ya Sungura

Sungura tuliyemnunulia binti yangu alitoka Muyinga, kama mimi. Tulipomfikisha nyumbani Gitega, huku Burundi, mama mkwe aliweka kreti lake pembeni mwa chumba, penye giza kidogo, akalifunika kwa kitenge chake kizuri.

"Asiguswe na mtu," alituonya. "Ni mgeni, ana hofu. Mwacheni azoee kwanza."

Kwa siku nne alimpelekea majani na maji yeye mwenyewe, akinyata.

Mimi nilikuwa nachambua maharage huku moyo ukinichemka. Kwa desturi ya huku, hata bibi harusi hukaa ndani siku kadhaa bila kufanya kazi, hadi ndugu zake waje na zawadi kumtoa nje. Mimi, asubuhi ya pili tu baada ya harusi nilikabidhiwa jembe.

"We umekulia Tanzania," mama mkwe aliniambia siku ile. "Nani atakuja kukutoa?"

Alijua vizuri kwamba nilirudi Muyinga peke yangu, na wazazi wangu wamebaki kule Tanzania, katika kambi ya wakimbizi.

Siku ya tano alikiondoa kitenge, akawaita watoto wa jirani, kila mmoja na majani yake mkononi. Sungura akatoka polepole, akanusa sakafu. Mama mkwe akapiga makofi, akasema kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake:

"Karibu nyumbani, mtoto wa Muyinga."

Miaka kumi na miwili nimo katika nyumba hii, na mjinga mimi niligeuka kuitika.