Dada Yangu kwenye Vilima vya Perche

Dada yangu alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka hamsini na mbili, katika bustani moja ya Saltley, mjini Birmingham, pamoja na wanawake wengine tisa waliovaa helmeti juu ya hijabu. Darasa lilikuwa la bure, kila Jumamosi asubuhi. Mimi nilikwenda kumtazama tu, na kumcheka. Kwetu Unguja tulikulia mtaa ambao baiskeli ilikuwa ya wanaume. Sisi tulipakiwa nyuma, miguu upande mmoja. Wiki ya tatu nikamwona anakata kona peke yake, midomo ameibana, macho mbele, nikashikwa na wivu ambao sikuutegemea. Wiki ya nne na mimi nikajiandikisha.

Alikuwa mpishi wa shule kule Stechford, mjane, na binti yake mmoja alikuwa ameshahamia mji mwingine kwa kazi. Baiskeli ikaijaza nyumba yake. Jumapili tulifuata njia za kando ya mifereji, tukapita Aston, tukatoka hadi nje ya Birmingham kwenye mashamba, yeye mbele, mimi nyuma. Siku zote yeye mbele. Ndivyo tulivyokuwa tangu utotoni: ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipokuja Uingereza, na koti la baridi amenishikia.

Habari ya Ufaransa ililetwa na Mkongomani mmoja aliyepika naye pale shuleni. Mama huyo, kabla ya kuja Birmingham, alikuwa akichuma matufaha katika mashamba ya Perche, kusini kidogo ya Normandia. Akatusimulia barabara za kule: nyembamba, hazina magari, zinapanda kidogo na kushuka kidogo kutwa nzima, ng'ombe pande zote mbili. Dada akamwuliza kama mtu mzima asiyejua Kifaransa anaweza kupita.

"Mama, uanze na salamu yao, bonjour," yule mama akamwambia. "Bila bonjour, bale bantu habatakujibu."

Dada akanunua ramani ya karatasi. Ilikaa juu ya meza yake ya chakula miaka miwili, ikawa tunakula sahani zimewekwa juu ya vijiji. Alipanga safari ya siku tano: kupanda treni mpaka Portsmouth, feri ya asubuhi, treni nyingine hadi mji wa Alençon, halafu baiskeli. Kila kona aliiandika kwa mkono wake kwenye vikaratasi, akavifunika kwa nailoni ili visilowe. *Kushoto penye kanisa. Usifuate barabara kubwa. Mteremko, shika breki mapema.* Kwenye usukani wangu akabandika karatasi moja tu: KULIA! Kwa sababu kule wanaendesha upande wa kulia, na alijua nasahau.

Tulikwenda mwisho wa mwezi wa Mei. Siku mbili za mwanzo sijui nizieleze vipi. Nimeishi mjini maisha yangu yote, na sikujua kwamba ukimya unaweza kuwa mwingi kiasi kile. Unasikia mnyororo wako, unasikia pumzi yako, basi. Barabara inashuka kwenye bonde, inavuka kijito, inapanda tena kati ya ua wa miti, na ukifika juu unaona kilima kingine kama hicho mbele yako. Kando yake kuna mawe meupe yenye kofia ya njano, yameandikwa kilomita. Farasi wakubwa wa kijivu walisogea kwenye ua wa malisho kututazama. Vijijini madirisha yalikuwa yamefungwa mchana kweupe, na duka la mkate pia.

Maji tulichota makaburini. Yule mama Mkongomani ndiye aliyetufundisha: kila kijiji kina makaburi, na kila makaburi yana bomba. Dada alijaza chupa zetu, kisha akasimama mlangoni, akawatolea salamu waliolala mle ndani.

"Si Waislamu hao," nikamwambia.

"Tumekunywa maji yao," akasema. "Tutaondoka kimya kimya kama wezi?"

Kulikuwa na ishara, lakini sikuziona. Kwenye feri kikombe cha chai kilimponyoka, akacheka. Siku ya pili alipitiliza kona mbili, akarudi akisema jua lilimpiga machoni. Kila tulipopumzika alikula tende kwa mkono wa kushoto, dada yangu, ambaye alinipiga makofi utotoni kwa kosa hilohilo.

Siku ya tatu, kama saa tano asubuhi, tulifika njia panda isiyo na nyumba wala mtu. Akasimama, akatazama kikaratasi chake. Akatazama sana. Nikasogea ubavuni.

"Twende wapi?" nikauliza.

"Nimeandika nini hapa?"

Nilidhani anatania. Hati ilikuwa yake, herufi kubwa, safi. Nikamwambia asome.

"Naona maandishi," akasema. "Lakini hayasemi kitu."

Nilikuwa na njaa. Duka la mkate lilikuwa limefungwa, magoti yananiuma, na kwa siku tatu nilikuwa nimefuata mgongo wake bila kuuliza. Nasema haya si kwa kujitetea. Nilimpigia kelele. Nilimwambia amenileta porini, nchi ya watu, halafu ananichezea akili. Nikamwambia uzee umemwingia na hajijui. Dada yangu mkubwa. Yeye alibandua kile kikaratasi kwenye usukani wake, akanipa.

"Basi tangulia wewe," akasema.

Nikatangulia. Nilikanyaga kwa hasira, nikapanda kilima, nikashuka, nikapanda kingine, na ile njia aliyoihangaikia miaka miwili niliipita bila kuitazama. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia tukifika. Nilipogeuka hatimaye, kwenye kilele, barabara yote nyuma yangu ilikuwa tupu. Niliiona mpaka mwisho wake, hadi inapozama kwenye bonde, na hapakuwa na mtu.

Nikageuza baiskeli, nikarudi. Nilimkuta kwenye majani ya kando ya barabara, amekaa, helmeti imekwenda upande. Mama mmoja wa shambani, amevaa buti za mpira, alikuwa amepiga magoti karibu yake, amemshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Baiskeli ilikuwa mtaroni. Dada alijaribu kufunga breki kwenye mteremko na vidole vikakataa.

"Mkono wangu umelala," akaniambia, kama anayeomba radhi. "Nimekuita."

Sikumsikia. Yule mama wa shambani akapiga simu, na gari la wagonjwa likaja kwa barabara ileile nyembamba, polepole. Katika hospitali ya mji wa karibu daktari kijana alinionyesha picha ya kichwa cha dada yangu. Akatafuta maneno yake ya Kiingereza moja moja, na kila alilolipata lilikuwa baya. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, mkubwa, wa muda mrefu. Nikamwuliza kama safari ndiyo iliyouleta. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama hasira inaweza. Hakunielewa, na sikurudia.

Tukarudi Birmingham. Baiskeli zote mbili zilibaki kwenye banda la yule mama wa shambani. Binti yake dada aliacha kazi akarudi nyumbani, na kitanda tukakishusha sebuleni, karibu na dirisha. Alipasuliwa, akachomwa mionzi, nywele zikamtoka upande mmoja. Maneno nayo yakaanza kumpotea. Kiingereza kilitangulia, chote, ndani ya wiki chache, na binti yake, ambaye maisha yake yote alikuwa akisemeshwa Kiswahili akijibu Kiingereza, ilimbidi akitafute Kiswahili kinywani mwake. Nilimsikia akimwambia mama yake, "Mama, nataka wewe kula," na dada akacheka machozi yakamtoka. Akala.

Mama Mkongomani alikuja kila Ijumaa na supu. Alikaa kitandani akamwimbia nyimbo za kwao, na baadhi ya siku dada alisema "bonjour" alipomwona, neno zima, bila kukosea, wakati jina la binti yake lilikuwa limeshamkimbia.

Siku moja, katikati ya mwezi wa Novemba, tulikuwa wawili. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Akatafuta neno kwa muda mrefu, mkono wa kushoto unapanda na kushuka hewani, unapanda na kushuka, mpaka nikaelewa ni vile vilima.

"Tu..." akasema. "Tulifika?"

Zilikuwa zimebaki siku mbili na zaidi ya njia. Nikamwambia ndiyo, dada, tulifika, tulimaliza yote.

Akanitazama vizuri.

"Mwongo," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwomba msamaha. Lilikuwa neno jepesi, na alikuwa bado ananielewa. Nilicheka, nikaendelea kumpaka mafuta, nikajiambia nitamwambia kesho, kukiwa kumetulia. Kesho yake alishikwa na kifafa, na baada ya hapo hakunitazama tena vile. Alifariki mwezi wa Januari, saa za adhuhuri, mvua inanyesha. Tulimzika siku iliyofuata. Wanawake wa lile darasa la bustanini walikuja nyumbani kwake wote, wakapika, wakaosha vyombo mpaka cha mwisho.

Watu wakaniuliza ilikuwaje kule Ufaransa, nami nikawasimulia. Nimeisimulia mara nyingi sana: feri, farasi, makaburi, jinsi alivyoanguka. Ile njia panda niliiruka kila mara. Niliwaambia nilikuwa mbele kidogo.

Siku ya arobaini, mimi na binti yake tulikuwa chumbani tunapanga nguo za marehemu za kutoa sadaka. Sijui kilichonipata. Nilimweleza yote: nilivyopiga kelele, neno la uzee, nilivyoondoka bila kugeuka. Alikuwa ameshika sweta. Akaniuliza, kwa Kiswahili, taratibu:

"Mama mdogo, ulikwenda muda gani kabla hujarudi?"

"Sijui," nikasema. "Dakika kumi. Labda na zaidi."

Aliikunja ile sweta, akaiweka juu ya nyingine, akachukua gauni.