Theluthi ya Siku

Shangazi yangu alizaa mtoto mmoja tu, na alimzaa usiku ambao mwezi ulipatwa. Kosa lake lote ni hilo. Nalisema mapema ili ijulikane nani alikosa na nani hakukosa, maana katika habari hii mkosaji ni mimi, na nimechoka kujizungusha.

Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe kumi na nne Mei, 1957, kwenye vilima vya juu ya mji wa Mbeya, nyumbani kwa mume wake. Kwa watu wa mlima ule, mwezi ukipatwa kila mwanamke alitoka nje na sufuria au jembe bovu, akagonga kwa kelele mpaka mwezi urudi. Nyumba iliyonyamaza ilitajwa kesho yake. Nyumba ya shangazi ilinyamaza kwa sababu mwenyewe alikuwa sakafuni anasukuma mtoto. Wiki mbili baadaye mume wake akaugua, akafa. Basi, jamani, ikawa imekwisha: huyu ndiye mwanamke aliyeacha mwezi ufe. Mtoto wa kike alipoacha ziwa tu, ukoo wa baba ukamchukua, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa na mtoto ni wao. Shangazi akarudishwa kwa kaka yake, yaani baba yangu, na cheti cha ubatizo cha mtoto kimekunjwa ndani ya khanga.

Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Shangazi alinibeba mgongoni, alinilisha, alinichana nywele, na mapenzi yaliyokuwa ya binti yake niliyala mimi. Nilipojua kusoma, kila Krismasi alinipa kile cheti nimsomee tarehe ya kuzaliwa.

Mwaka 1975 nilikuwa chuo cha ualimu Iringa, na kichwa kimevimba. Nilikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chetu kufika huko, na sikumruhusu mtu asahau. Mkufunzi wetu wa jiografia, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alitufundisha siku moja kwamba mwezi haupatwi ovyo. Dunia ina kivuli chake, alisema, na mara nyingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli hicho kwa kuwa njia yake imeinama kidogo. Lakini ukihesabu miezi mipevu mia mbili ishirini na tatu, jua, dunia na mwezi hurudi karibu kabisa pale pale vilipokuwa, na kupatwa kule kule kunarudi. Watu wa kale waligundua hilo kwa kuandika tu, mwaka baada ya mwaka, anayekufa akimwachia anayebaki. Akaandika ubaoni: miaka kumi na minane, siku kumi na moja, na theluthi ya siku.

Niliandika yote isipokuwa hiyo theluthi. Nakumbuka kabisa kalamu ilivyosimama. Theluthi ya siku nani anaihesabu? Niliiona kama makapi kwenye ungo, unapuliza unaendelea na kazi.

Jumamosi ile nilikuwa mtaa wa Mlandege kwa dada mmoja aliyezoea kunisuka, nimekaa chini kati ya magoti yake, nahesabu kwa vidole. Kumi na nne Mei, miaka kumi na minane, siku kumi na moja. Ilinipeleka usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe ishirini na tano Mei, mwaka huo huo wa 1975. Niliruka kwa furaha.

“Tulia, we!” dada akanigonga na kitana. “Nitakusuka sikio.”

Mwezi huo huo wa Mei nilipelekwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya jirani na kwetu. Niliteremka basi Mwanjelwa, pembeni mwa mji wa Mbeya, na sanduku langu la bati, nikapanda mlima kwa miguu, na nikakuta nyumbani kuna jambo. Watu wa milimani walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, na ukoo ule uliotengana nasi kwa bonde zima sasa ulikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Shangazi alikuwa akichota maji kisima kimoja na binti yake. Binti alimpa shikamoo kama anavyompa mama yeyote wa kijiji, akajitwisha ndoo, akaenda. Na katikati ya Juni binti huyo alikuwa anaolewa.

Mzee wa ukoo, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyemlea binti na kuitwa baba. Baba yangu alikuwa amekaa naye vikao vitatu, na mzee akalegea kidogo: shangazi aje kanisani, akae benchi la nyuma kabisa, asimsogelee bibi harusi, na kwenye sherehe asifike. Shangazi alipokea habari hiyo kwa kupiga vigelegele peke yake jikoni. Alikifua kitenge chake, akakianika, akakifua tena. Viatu aliazima kwangu.

“Nyuma?” nilifoka. “Mama mzazi akae nyuma kama aliyekuja kuomba moto?”

“Nyuma kunatosha, mwanangu,” shangazi alisema. “Nitamwona akipita.”

Kunatosha! Ningelisikia neno hilo, nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi msomi, mimi mwenye hesabu ya mbinguni kwenye daftari, nilikwenda kwa mzee jioni ile ile bila kumwambia shangazi wala baba.

Mzee alinikaribisha kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia.

“Kwa hiyo mwezi unapatwa wenyewe tu,” alisema. “Hata watu wasipokosa lolote.”

“Wenyewe, baba. Kwa hesabu.”

“Na hesabu inaujua usiku.”

“Jumamosi ya wiki ijayo, kuamkia Jumapili. Saa saba, saa nane, kama ule wa kwanza.”

Alifikiri. “Basi tutakaa nje tuutazame. Ukipatwa, mimi mwenyewe nitamfuata shemeji, akae mbele, kiti cha mama. Usipopatwa?”

“Hauwezi kukosa.”

“Nimeuliza usipopatwa, mwalimu.”

“Usipopatwa, asije kabisa.”

Maneno hayo ni yangu. Mzee hakuyaomba. Niliyatupa mezani kwa mbwembwe, na kilichokuwa mezani hakikuwa changu.

Shangazi nilipomweleza alikaa chini kwenye kigoda. “Una hakika?” aliuliza mara moja tu. Nikamwambia hata mwalimu wa Ulaya hawezi kunipinga. Akaniamini.

Usiku wenyewe ulikuwa wa baridi ile ya Mei inayoingia mpaka kwenye meno. Mawingu hayakuwepo hata moja, nami nikaona hata Mungu yuko upande wangu. Mzee alikuja na wazee wawili, wamejifunga mablanketi, wakakaa kwenye moto wa magogo uani kwetu. Binti alikuja nyuma yao. Mzee akasema, “Kaa pale kwa mama yako, baridi kali.” Ilikuwa mara ya kwanza tangu aache ziwa. Wakakaa mkeka mmoja, blanketi moja, hawakusemezana, na shangazi alikuwa ameshika sufuria na mwiko mapajani ili safari hii asiwepo wa kusema nyumba yake ilinyamaza.

Saa sita mwezi ulikuwa mweupe. Saa saba mweupe. Nilisimama nikawaeleza tena habari za kivuli, sauti imepanda. Saa nane mzee mmoja alikuwa anakoroma. Mwezi ulikuwa mviringo mzima, safi, ungeweza kuchambua mchele kwa mwanga wake. Nilianza kuutukana moyoni, kweli, niliutukana mwezi kwa matusi ya sokoni Mwanjelwa. Saa tisa binti alikuwa amelala, kichwa begani kwa mama yake, na shangazi hakusogea hata kidogo asije akamwamsha.

Jogoo wa kwanza walipowika, mzee alisimama akajinyoosha. Nilikuwa nangoja anicheke. Hakucheka.

“Mwalimu, pole,” alisema. Kisha akamgusa binti bega. “Twende, mwanangu.”

“Labda umechelewa tu,” shangazi alisema. Hakuwa anamwambia mzee, alikuwa ananitetea mimi. Walipoondoka aliendelea kukaa na sufuria yake mpaka mwezi ukateremka nyuma ya mlima na jua likatoka upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani, nimejifunika shuka mpaka kichwani, najisingizia tumbo.

Harusi ilifanyika. Shangazi hakwenda hata hilo benchi la nyuma, maana mimi nilikuwa nimelikataa kwa niaba yake. Asubuhi ile alikaa anachambua njegere. Na sasa niseme lile linaloniunguza zaidi: mimi nilikwenda. Nilialikwa kama mwalimu, nikavaa viatu vile vile alivyokuwa ameazima kwangu, nikakaa benchi la pili, nikala pilau. Bibi harusi alipopita katikati ya kanisa aligeuza macho kutazama benchi la nyuma. Niliona. Nikainamia kitabu changu cha nyimbo.

Julai nilirudi chuo. Nilimfuata mkufunzi, nikamwambia kwa ukali kabisa kwamba hesabu yake ni ya uongo. Alikohoa, akaomba daftari langu, akasoma.

“Na theluthi iko wapi?”

Akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba theluthi ya siku ni muda wa saa nane, na kwa muda huo dunia inakuwa imegeuka theluthi ya mzunguko wake. Kupatwa kunarudi, lakini kunawarudia watu wengine. Alitoa kitabu cha majedwali kabatini na kidole chake kikateremka mpaka kwenye mstari. Tarehe ishirini na tano Mei, 1975. Mwezi ulipatwa wote, mzima, asubuhi saa tatu kasorobo hivi kwa saa zetu. Wenyewe ulikuwa umeshazama kwetu. Waliouona ni watu wa Amerika. Sisi tulikuwa tunajipanga kwenda kanisani, nao ulikuwa unapatwa chini ya miguu yetu.

“Ukitaka urudi kwenye anga lile lile ulimouona,” aliongeza, “subiri zamu tatu. Miaka hamsini na minne na mwezi mmoja tangu ule wa kwanza.”

Shangazi hakuwa na miaka mingine thelathini na sita ya kusubiri. Lakini hakuihitaji! Ushahidi ulikuwepo tayari, umechapwa kwenye kitabu. Mwezi ulikuwa umepatwa siku niliyoitaja, bila mwanamke yeyote kukosa. Karatasi moja tu ingetosha. Mzee yule aliyekaa usiku kucha kwenye baridi kwa ajili ya hesabu za msichana, angeisoma karatasi hiyo na kuielewa.

Jumapili iliyofuata tulitembezwa Kalenga, na wenzangu walipokuwa wanazunguka jumba la makumbusho, mimi nilikaa nje nikaandika barua. Niliandika vizuri mpaka nilipofika mahali pa kusema: niliambiwa theluthi, nikaiacha. Hapo mkono ukagoma. Ningeandika hivyo, kijiji kizima kingejua kwamba hesabu ilikuwa kweli na mwalimu ndiye mzembe. Nikinyamaza, watasema vitabu vinadanganya, na mimi nimedanganywa kama wao. Nilichagua vitabu vitukanwe. Nilichagua na shangazi abaki alivyo. Barua nikaichana vipande vidogo vidogo, nikarudi kwa wenzangu, nikacheka nao njia nzima.

Sikusema mwaka huo, wala uliofuata. Nilikuja likizo, nikapokewa, nikapewa maziwa ya mgando, na kila nilipoinua kikombe nilijiambia kesho. Binti na mume wake walihamia Usangu kulima mpunga. Habari zake shangazi alizipata kwa wapita njia.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1978 nilikuwa nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika mchana, na jioni, jua likiwa ndiyo limezama, mwezi mpevu ulitoka upande wa mashariki ukiwa tayari umeliwa wote. Giza lilipoingia ukaonekana mwekundu kama tofali la kuchoma. Kijiji kizima kikalipuka kwa sufuria. Shangazi alisimama mlangoni, mikono mitupu, anatazama.

Nadhani nilisema kwa sababu ya kelele, kwamba watu wengine wasisikie. Nilimwambia yote: theluthi, kitabu cha majedwali, Amerika, barua ya Kalenga. Sauti ilikuwa inanitoka kama ya mtoto aliyevunja chungu.

“Kwa hiyo siku ile ulipatwa,” alisema.

“Ulipatwa, shangazi. Asubuhi, kabla ya kanisa.”

“Wenyewe.”

“Wenyewe.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Nikaanza kupumua. Halafu akanigeukia.

“Na wewe ulijua lini?”

Ningeweza kudanganya. Kwa mara ya kwanza sikudanganya. “Mwezi wa saba. Mwaka ule ule.”

Aliutazama mwezi tena, akawa anahesabu kimyakimya, midomo ikicheza.

“Mwezi wa saba binti yangu alikuwa bado hajabeba mimba ya kwanza,” alisema. “Ningekwenda kumkanda alipojifungua. Na huyu wa pili pia. Ningekuwa nawajua wajukuu zangu.”

Hakunigombeza. Aliingia ndani, akaniwekea chakula mezani, akanifunikia kwa sahani ili kisipoe.