Kunja-Nyoosha na Vidonge vya Jirani

Wagonjwa tulimwita Kunja-Nyoosha, maana maneno hayo mawili hayakumwisha kinywani kutwa nzima. Ni mwanamke mfupi wa makamo, kazi yake kuwarudishia watu viungo vyao hospitalini. Chumba chake kina vitanda viwili vya ngozi iliyochanika, mifuko ya mchanga ya kufunga miguuni, na ngazi tatu za mbao zisizokwenda popote. Kabla hajakugusa, huuliza: "Leo umemeza nini?"

"Vya siku zote," nilimjibu kila mara. Alivijua. Goti langu lilipopasuliwa damu iliganda mguuni, nikapewa dawa ya kuizuia isigande tena.

"Hakuna kingine? Bibi, dawa siandiki mimi, lakini mkono wangu unafuata ulichomeza."

"Mimi si mtoto, mwanangu."

Kingine kilikuwepo. Kwenye kitanda cha pili alilala dereva mstaafu, mzee mwenzangu, na kila nikiguna alisema, "Gari bovu hilo, lirudisheni gereji." Nikaona haya kuguna mbele yake, basi jirani yangu wa nyumbani, fundi cherehani, akanipa vidonge vyake vya maumivu. Nikameza viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano. Goti likakunjika, dereva akanyamaza.

Siku ya sita paja likawa jeusi kama bilinganya, palepale vidole vya Kunja-Nyoosha vilipopita. Binti yangu akanikokota hadi kwa mkuu wa idara.

"Kamkandamiza mama kama anafua jinzi. Asiguse mtu tena."

Mkuu akamwita Kunja-Nyoosha, akafungua faili lake. Lilikuwemo lalamiko la mwaka juzi. Akasema hili likiwa la pili, hana budi kumsimamisha kazi.

Kunja-Nyoosha hakujitetea. Aliinama akalitazama paja, akabonyeza pembeni taratibu.

"Bibi, umemeza nini?"

Nikavuta kanga kufunika paja. Nimezaa saba, na sijapata kujieleza mbele ya mtu aliye rika la kitinda mimba wangu. Akasubiri. Kisha nikamwona anavua kitambulisho cha kazi shingoni amkabidhi mkuu.

"Vya fundi cherehani," nikasema.

"Vingapi?"

"Vinne kwa siku."

"Mama wewe!" akasema binti yangu.

"Mwache ajibu. Choo kikoje, Bibi?"

"Cheusi. Tangu juzi."

Hakufurahi, wala hakumtazama mkuu. "Vidonge hivyo na dawa yako ya damu havikai nyumba moja. Unavuja ndani. Hakuna mazoezi leo." Akavuta kiti cha magurudumu, akanisukuma mwenyewe hadi kwa daktari, bila neno la lawama. Afadhali angenifokea.

Nililazwa siku nne. Ya mwisho mkuu alikuja na karatasi ya kufuta lalamiko, akataka maelezo yangu. Binti yangu akashika kalamu aniandikie. Nikamnyang'anya. Niliandika mwenyewe, herufi moja moja, kwamba kosa ni langu na mkono wa yule mama hauna hatia. Ilinichukua nusu saa, na mkuu alisubiri amesimama.