Maua Meusi ya Muhuti

Kwa nini ua jeupe litoke jeupe kwenye picha, na ua jekundu litoke jeusi? Baba aliniuliza hivyo likizo moja katika miaka ya hamsini, nilipokuwa nimemaliza mwaka wa pili chuoni. 

Tulikaa kwenye shamba la mjane mmoja Mzungu, upande wa Lanet. Mumewe alikuwa amemwachia kamera ya miguu mitatu na masanduku ya vioo vya zamani vya kupigia picha, naye akaamua kupiga picha miti yote ya asili inayochanua pale bondeni. Aliyeosha vioo hivyo ni baba, ndani ya stoo iliyozibwa madirisha kwa blanketi, chini ya taa nyekundu. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Muringa ulitoka vizuri sana, kila ua jeupe limekunjamana kama karatasi.

Kisha ikaja zamu ya mti wa muhuti. Ulikuwa hauna jani hata moja, mwekundu mtupu, unaonekana tangu barabarani. Kwenye picha maua yake yalikuwa meusi kama makaa.

"Wewe naunguza maua yangu!" mjane alimwambia baba.

"Memsaab, dawa ni ile ile ya jana."

"Basi wewe nafungua sanduku, mwanga naingia."

Baba akanigeukia mimi bintiye. "Huyu amesoma. Mama, hebu mweleze."

Nilikuwa na mazoea ya kuhoji kila kitu: mahubiri, magazeti, hata walimu wangu. Siku hiyo niliyemhoji ni baba. "Una hakika hukufungua mlango wa stoo?"

Alinitazama kidogo, akavua aproni, akaitundika kwenye msumari. Jumatatu alipelekwa kukamua ng'ombe, na stoo hakuingia tena.

Hakuninunia. Ila kila muhuti ulipochanua alikuwa akinichokoza, ndoo mkononi: "Msomi, umepata jibu?"

"Bado, baba."

"Haya. Soma tu."

Alikuwa ameshazikwa, miaka mingi, nilipokuja kujua kwamba vioo vya aina ile havioni rangi nyekundu. Popote penye wekundu, vyenyewe hupokea giza. Ndiyo maana aliweza kuviosha chini ya ile taa nyekundu siku zote bila kuharibu hata kimoja.