Mzee Athumani ahamia dijitali

Leo hapa Magogoni, mzee aliyenikatalia kuliko wote kaniita mwenyewe.

Kazi yangu mwaijua. Napita majumbani kuhimiza watu wahamie televisheni ya dijitali kabla analojia haijazimwa.

Jirani yangu Mzee Athumani kila nikienda hunijibu kwa upole: "Yangu yatosha, mwanangu."

Sasa leo binti yake Zuhura alikuwa akisoma habari za mchana kwa mara ya kwanza.

Mzee kuwasha televisheni, chenga tupu. Sauti ya binti yake aisikia, uso hauoni.

"Lete hicho king'amuzi chako," akaniambia. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

Nikaunganisha nyaya, majirani wamejaa sebuleni wakinitazama.

Picha ikatulia. Zuhura huyo, na ushungi wake wa buluu, kama yumo chumbani nasi. Habari zilikuwa zaisha.

"Nawatakia mchana mwema," akasema.

"Na wewe pia, mwanangu," Mzee akamjibu, machozi yakimtoka.

Wallahi, leo nimejivunia kazi yangu.

Kwenu nani bado atazama chenga? Niambieni, nitapita.