Mlango wa Juu, Mkomani

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana tangu siku ile nikipita Mkomani najifunika uso mpaka macho, na wala si uchaji Mungu.

Mwajua nilisomea mipango ya miji. Nikapewa kazi ya kuchora mtaa wetu: nyumba unazipaka weusi, vichochoro unaviacha vyeupe, halafu unatia mistari myekundu panapopita watu, na wakipita sana mstari unanenepa. Basi ramani yangu ikatoka imepooza, nikaona haya (mimi mtoto wa Mkomani, nichore kwetu kama mahame), nikasema ngoja nitie na ndia za wanawake, ile milango ya juu ya kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka kichochoroni.

Bibi yangu na dada yake, Bi Mwana, wamepakana, na mlango wao ni wa hivyo. Wote magoti yamekwisha, ngazi hawaziwezi. Mjomba Twalib aligombana na wana wa Bi Mwana juu ya urithi, akaapa wa kwetu hakanyagi kule, mlango akautia kufuli na ufunguo mfukoni. Hakujua Bibi anao wa pili; mimi alinionyesha kwa siri.

Siku ya kuonyesha, wenye nyumba wamekaa baada ya alasiri, ramani imeangaza ukutani, Mjomba yuko mbele. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huu mstari mnene kuliko yote ni ndia gani?"

Nami, kwa kiherehere changu cha msomi, nikajibu mbele za watu, "Huo ni mlango wa Bibi na Bi Mwana, Mjomba. Wapita kutwa."

Niliyasikia maneno yakitoka, nikataka yarudi, wapi. Mtu akakohoa. Wana wa Bi Mwana wakatazama chini. Mjomba akavaa viatu akatoka, na kesho yake mwashi akaja na mawe, akauziba ule mlango. (Ramani ilisifiwa, nilipewa mikono.)

Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniua. Nilimkuta kakaa kauelekea ukuta ambao bado mbichi, akasema, "Haya, weye mjuzi wa ndia za mji, nambia, kwa dada yangu nipite wapi?"

Nimeapa sitachora tena mlango nilioonyeshwa kwa kuaminiwa. Ule mstari nimeufuta, pale pana weusi mtupu, na ramani sasa ni ya kweli.